Mama amelifananisha jiko langu na zahanati

Jamani, leo mama ameniumbua mbele ya fundi!

Nimemaliza kupamba jiko letu jipya hapa Makandana. Kubwa, kuta nyeupe, vigae vinang'aa. Nilitaka mama alipende, akubali kuhama kijijini Nkunga aje aishi nasi.

Akaishia mlangoni.

"Mwanangu, humu mnapika au mnachoma sindano?"

Fundi akacheka. Mimi machozi yakanilengalenga.

Mama akanionea huruma, akaanza kusimulia. Enzi za Ujamaa, kijiji chao kilijenga jiko kubwa la pamoja, tupu kama ghala. Watu walichukua chakula wakaenda kula makwao. Ndipo akina mama wakasiliba kuta kwa udongo mwekundu, wakatandika mikeka karibu na moto.

"Baada ya hapo, kumwondoa mtu ilikuwa kazi!"

Nikamtuma fundi rangi ya udongo, nikatandika mkeka. Mama akaingia, akaketi anamenya ndizi huku akituelekeza pa kupaka.

Jioni nikamuuliza, kwa woga, "Mama, nikurudishe Nkunga?"

"Rangi haijakauka, unanifukuza? Nitaondoka ikikauka."

Wenzangu, nani anajua rangi isiyokauka kabisa? Naitaka kesho asubuhi!