Maji ya Kizingitini

Harufu ya spiriti na nywele zilizounguzwa na pasi ya moto hunirudisha Rosettenville, mtaa wetu wa ugenini, kwenye chumba kimoja ambamo mama alisuka wanawake upande mmoja na Papa Kalonji akanyoa wanaume upande wa pili. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amerudi kwao Likasi, nchi nyingine, kuuza nyumba ya babu, na kwa wiki kadhaa simu yake haikupatikana. Kila aliyeingia nilimkodolea macho nikidhani ana habari zake.

Jumamosi mchana wanaume walicheza mchezo wao wa kubahatisha wanasoka wa zamani. Mmoja alitoa dalili, mguu aliopigia, penalti aliyokosa, na wengine wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Aliyepata alinunuliwa soda. Sheria ilikuwa moja: mchezaji aliyekufa hatajwi jina. Aliyemtambua aliinuka kimya, akachota kikombe cha maji na kuyamwaga kizingitini, kisha mchezo ukaendelea.

Jumamosi moja aliingia mgeni aliyevaa koti zito katika joto lile. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya, na sijui alifuata nini kwa kinyozi. Zamu ilipomfikia, alisema polepole: "Wa kwangu alikuwa golikipa wa Likasi. Kidole yake ya mwisho, mkono wa kushoto, ilipinda. Mbele ya mechi alikuwa anabusu mlingoti mara tatu."

Kidole kile cha baba nilikuwa nakishika kila tulipovuka barabara. Furaha ilinijaa, nikaropoka: "Ni papa wangu! Ni Kasongo!"

Papa Kalonji alizima mashine. "Kaka, huyu wa kwako angali hai?"

Mgeni aliinuka. Alichota maji, akayamwaga kizingitini, akayaruka na kwenda zake. Mama alibaki na kitana mkononi.

Jumatatu baba mdogo alipiga simu. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa umemwangukia baba na kumuua asubuhi ya Jumamosi ileile, na kutoka Likasi mpaka kwetu basi huchukua siku mbili na zaidi. Hakuna aliyemjua yule mgeni. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwenzake.

Sasa saluni ni yangu. Vijana bado wanabahatisha wachezaji, ila siku hizi wanaiuliza simu, nayo huwatajia wote, wazima na waliokufa, bila kusita. Mimi sichezi. Kizingiti nakisafisha kwa ufagio mkavu, na mteja akimwaga maji pale, nayafuta kabla hajakaa.