Kilio cha Mfalme Kule Rubona

Ko! Ni fimbo ya mfalme wa Warusi ikigonga sakafu ya jiwe. Sylvain aliusikia mlio huo mara ya kwanza akiwa kijana, na hata leo humrudia usingizini.

Kazi yake ni kusobanura, yaani kufasiri filamu kwa kipaza sauti katika banda la video la Muhamadi, pale Rubona, wavuvi wakisubiri giza waingie ziwani. Kirusi hajui hata neno. Ile filamu kuukuu ya mfalme huyo, isiyo na rangi, aliitungia maneno yake mwenyewe, na hakuna aliyelalamika. Malkia akifa, mfalme hulifuata jeneza kwenye theluji, na Sylvain humpa kilio: "Wote wananiita mfalme. Sasa nani ataniita jina langu?" Hapo wanaume wazima hujipangusa pua.

Mwaka huu koo lake limeota uvimbe. Daktari ataukata kesho, na sauti itaondoka nao. Sylvain akamwomba Muhamadi aionyeshe filamu ya mfalme mara ya mwisho.

Jioni hiyo, kwenye skrini, jeneza likashuka. Sylvain akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tupu.

"We Sylvain! Mufalme amekwamwa na mufupa ya samaki sambaza?" mvuvi Habineza akapaza sauti, na banda zima likacheka.

Sylvain akajaribu tena; kipaza sauti kikakoroma tu. Kicheko kikanywea.

"Bon, acha," akasema Habineza, sasa taratibu. "Tunajua ile maneno."

Akakianza kile kilio, na wenzake wakamfuata hadi mwisho. Sylvain alisikiliza kama mtu anayeona nguo zake zikigawiwa watu, naye yu hai.

Nje, mkewe Donatha, muuza samaki, alikuwa akimngoja na kitenge cha kumfunga shingoni. Tangu binti yao azaliwe, Sylvain hajamwita ila Mama Mutoni, ndiyo heshima. Wakaipanda njia ya nyumbani, harufu ya kimea ikiwafuata kutoka kiwanda cha bia.

"Papa Mutoni, usijikaze. Kama iko kitu, utaniambia kesho."

Kisha akakumbuka kesho ni siku gani. Akaziba kinywa kwa kiganja.

Sylvain akasimama. Akameza mate, yakamkata kama wembe. Akaikusanya sauti iliyobaki, yote.

"Donatha," akanong'ona.