Mama Tangi, dereva aliyegoma kati ya makanisa mawili

Saa moja asubuhi, umande ungali kwenye majani, Mama Tangi anakaza kamba ya mwisho nyuma ya lori. Anapanda, anawasha, anasikiliza. "Limeamka," anasema, na safari inaanza.

Amebeba tangi la plastiki, pana kuliko kitanda cha watu wawili, lenye kina cha kiuno. Ni mali ya umoja wa makanisa ya Kibaptisti ya mkoa, yapatayo arobaini. Kwao muumini huzamishwa mwili mzima, lakini makanisa mengi madogo hayana kisima cha ubatizo, na mto umekauka ukabaki mchanga. Basi tangi ndilo huwafuata waumini.

Mjane huyu alianza kwa kufagia ofisi za umoja. Dereva wa kwanza alipostaafu, hakuna aliyelitaka lori lile bovu. Yeye alikuwa amefundishwa kuendesha na marehemu mumewe.

"Walidhani natania. Nikawaambia nipeni ufunguo, mdomo hauendeshi gari."

Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, hivyo siku za kazi huuza mboga. Lakini jina lake lilivuma kwa jambo lingine.

Mwaka jana makanisa mawili yanayotazamana, katikati uwanja wa mpira, yaliomba tangi kwa Jumapili ile ile. Lile dogo lilijitenga na lile kubwa kwa ugomvi wa kwaya, na hata salamu zilikatika. Mchungaji wa lile kubwa ni mdogo wa marehemu mumewe. Akampigia simu.

"Shemeji, damu nzito kuliko maji. Anzia kwetu."

"Baba mchungaji, mimi kazi yangu ni maji," akamjibu.

Jumapili ilipofika aliegesha katikati ya uwanja, akashusha tangi, akalijaza, kisha akafunga ufunguo wa lori kwenye pindo la kanga, akagoma kusogea upande wowote. Pande zote mbili zikamjia juu. Shemeji yake akaapa kumshtaki kwa katibu wa umoja.

"Niliona kazi inaondoka," anakumbuka. "Nina watoto shuleni. Lakini ningesogea upande mmoja, wale wengine wasingenisamehe mpaka kaburini."

Jua likapanda. Ndipo bibi mmoja wa kanisa dogo, amevaa joho jeupe la ubatizo, akajikongoja mpaka kwenye tangi, akatia mkono.

"Maji yanachemka wachungaji mnabishana," akasema. "Nani ananishika? Mimi sina umri wa kusubiri."

Aliyekuwa karibu ni yule shemeji. Akasita, akavua viatu, akaingia. Mchungaji wa kanisa dogo akaona haya, akaingia upande wa pili. Bibi akazamishwa na wote wawili.

Jumatatu Mama Tangi alipeleka ufunguo ofisini, tayari kufukuzwa.

"Katibu alinikemea kwanza, ilimpasa. Halafu akaurudisha ufunguo mkononi mwangu, akaniuliza kama lori lina mafuta."

Makanisa hayajaungana, ila sasa huazimana viti, na wachungaji wao hupigiana simu.

Kitinda mimba wake ameanza mafundisho ya ubatizo. Mama Tangi ameshamwomba katibu atafute dereva mwingine siku hiyo.

"Miaka yote nachunga maji yasimwagike, watu wakiibuka nimeinama kwenye mpira wa maji. Siku ya mwanangu nataka kiti cha mbele, nimwone uso akitoka."