Duván, Mlima wa Theluji na Kofia ya Punda

Ghorofa ya juu ya nyumba yangu hapa mtaa wa Chipre imepitiwa na watu wengi. Alikaa fundi viatu, akaja mwalimu wa gitaa, akaja mjane mmoja na kasuku wake aliyekuwa akitukana majirani. Nawakumbuka wote kwa majina, hata kasuku. Lakini sijapata wapangaji walionichangamshia nyumba kama hawa vijana wa kompyuta, na kati yao hakuna kama Duván Grisales, mtoto wa Aracelly wa duka la vitambaa.

Duván ni mrefu, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia mashine, na kamera haimtoki shingoni. Akija jikoni kwangu kuchukua kahawa, kwanza ataupiga picha mvuke wa sufuria.

"Duván, hiyo ni kahawa, si bibi harusi," namwambia.

"Doña Orfilia, tulia kidogo, mwanga umekaa vizuri."

Basi natulia. Angekuwa mwingine, angepigwa mwiko.

Kazi yao ni programu ya chama cha wakulima wa kahawa. Mkulima akifikisha kahawa yake kituoni, inapimwa, naye anaona uzito na bei palepale kwenye simu. Mimi niliishia darasa la tano na sioni haya kusema, lakini watu wakibishana miaka yote mbele ya jiko lako, utaelewa tu mambo yao. Programu haiishi. Kila siku kuna cha kurekebisha. Wao walikuwa na mtindo wa kulimbikiza marekebisho miezi mitatu, kisha kuyaachia yote kwa mkupuo, Ijumaa moja. Siku hiyo Aicardo, bosi wao, alikuwa akizunguka na rozari mkononi. Kesho yake Jumamosi, siku wakulima wanaposhuka na magunia yao, lazima kitu kiharibike. Na kwa kuwa vyote viliingia pamoja, hakuna aliyejua kipi kimeharibu kipi.

Wa kutafuta alikuwa Duván siku zote. Ndiye aliyekuwepo tangu mwanzo, ndiye aliyejua kila uchochoro wa ile programu.

Hapo ndipo palipomuuma. Duván alikuwa na hamu moja tu duniani: kuupiga picha Ruiz, mlima wetu wa theluji, jua la kwanza likiugusa, bila wingu hata moja, na kuipeleka picha hiyo kwenye maonyesho ya sherehe za Januari. Mtu asidhani ni jambo dogo. Ule mlima una maringo kuliko mwanamke aliyeposwa na watatu. Unajifunika, unajifunika, halafu unafunua uso kidogo tu na kujifunika tena. Mara nyingi Jumamosi Duván alipanda na pikipiki yake kwa njia ya Letras, ile inayokwea milimani, kabla hakujapambazuka, akasimamisha kamera kwenye baridi ya kukata masikio, akangoja. Simu inalia. "Duván, shuka. Imeharibika." Sherehe zinakuja, sherehe zinapita, naye amebaki na picha za mawingu.

Sasa kofia. Tulio, mcheshi wao, alinunua kwenye sherehe kofia ya ukindu yenye masikio ya punda. Aliyeharibu programu aliivaa mpaka mwingine aharibu. Alikula nayo, alikwenda nayo hadi duka la mkate. Duván alimpiga picha kila aliyeivaa, na picha zikabandikwa ukutani. Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Alasiri moja ya mvua nilipandisha sinia la empanada, sambusa zetu za mahindi, nikamkuta Duván amesimama peke yake mbele ya ule ukuta.

"Doña Orfilia, hebu njoo. Unaona midomo?"

"Naona. Yote inacheka."

"Sasa izibe kwa kiganja, uangalie macho."

Nikaziba, picha moja baada ya nyingine. Ave Maria! Hakuna jicho lililocheka. Ya yule msichana wao Yurani yalikuwa yanataka kulia kabisa.

"Nimewapiga picha mwenyewe na sikuona," alisema. "Ndiyo maana mtu akiharibu anaficha. Anahangaika kutengeneza kimyakimya, hasemi, mpaka Jumamosi mambo yanalipuka, na mimi naitwa mlimani."

Akazibandua picha zote. Kisha akaingia kwa Aicardo, na mlango wa chumba kile haujawahi kufunga vizuri tangu enzi za mwalimu wa gitaa, kwa hiyo nilisikia.

"Bosi, tuwe tunaachia kidogo kidogo. Kila siku kitu kimoja kidogo, na tuwe na njia ya kukirudisha nyuma mara moja kikigoma. Aliyeharibu aseme hapohapo kwa sauti, wote tumsaidie. Na kofia iondoke."

"Kila siku? Mara moja kwa miezi mitatu tumbo linaniwaka, wewe unataka kila siku?"

"Tumbo linakuwaka kwa sababu ni miezi mitatu."

"Kofia nayo imekukosea nini? Inachekesha."

"Ivae wewe basi, wiki moja tu."

Nikasikia Aicardo akishusha pumzi. "Nakupa mpaka mavuno yaishe. Chama kikilalamika hata mara moja tu, tunarudi kama zamani. Na hiyo pikipiki uiuze, maana Jumamosi zako zote utakuwa hapa."

Wakaanza. Mwanzoni walikuwa kama watu wanaovuka barabara wamefumba macho. Tulio aliachia badiliko lake la kwanza, akakimbilia chini jikoni kwangu kujificha. "Doña Orfilia, wakiniulizia, nimehamia Panama." Hakuna aliyemuulizia. Lile badiliko lilikwenda salama, na la kesho yake, na la kesho kutwa.

Ikafika Jumamosi moja ya Novemba, anga safi kama sahani iliyooshwa. Yurani alikuwa zamu.

"Nenda, kaka," alikuwa amemwambia Duván jana yake. "Tupo."

"Simu nitaiacha wazi."

"Iache, ifunge, ikaange. Nenda tu."

Asubuhi ile vijana wote walikuwa wamekuja, maana mavuno yalikuwa yamechachamaa. Yurani alikuwa amekuza herufi kwenye simu, kwa sababu wakulima wazee walikuwa wakilalamika hawazioni. Akaachia. Mimi nilikuwa juu kwao namimina kahawa simu ilipolia, mkulima wa Neira, sauti kama tarumbeta.

"Binti! Simu inasema nimeleta arroba mia. Mimi nimeleta kilo mia! Kwa arroba mia, kilo elfu na zaidi, nyumbu wangu angekuwa ameshakufa njiani!"

Nilimwona Yurani. Rangi ilimtoka. Akautazama ule msumari mtupu ukutani, uliokuwa ukining'iniza kofia kabla Tulio hajaitupa chini ya kabati. Nikajua anafikiria nini, na nikaona na Aicardo anamtazama. Halafu akasimama, mkono juu kama mtoto wa shule.

"Nimeharibu! Ni mimi, sasa hivi!"

Tulio alivuta kiti karibu naye hata kabla hajamaliza. "Umegusa nini mwisho?"

"Herufi tu."

"Basi irudishe nyuma, herufi tutaziangalia baadaye."

Akairudisha. "Mzee, tazama tena."

"Ehee. Kilo mia," akasema yule mkulima. "Utajiri umepita kama upepo. Lakini ulikuwa mtamu, asante binti."

Kila mtu alicheka, na Yurani ndiye aliyecheka zaidi. Kahawa niliyomimina ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Tumpigie Duván?" Aicardo akauliza.

"Tumwambie nini, bosi? Kwamba tumepona?" Yurani akajibu.

Hakuna aliyepiga.

Haukupita muda mrefu, mlango ukapigwa teke. Duván, kofia ya pikipiki kichwani, tope hadi magotini, anatetemeka.

"Nini kimetokea?"

"Kimetokea wapi?"

"Mbona simu haikulia?"

"Kwa sababu hakuna aliyepiga," Tulio akasema.

"Nimekaa kule, kimya. Kimya tu! Nikasema ama mtandao wote umekufa, ama mmekufa nyinyi. Nikashuka mbio, hata jua halijaugusa mlima."

Yurani akamwelekeza dirishani kwa kidole. Juu ya mapaa yote, Ruiz ulikuwa umesimama mtupu, mweupe kama kitambaa changu cha meza ya Krismasi, jua limeukumbatia. Hata wingu la kudanganyia halikuwepo. Duván akauangalia, akakaa chini sakafuni na kofia yake ya pikipiki.

"Pole, kaka," Yurani akasema. "Lakini tuseme ukweli. Mimi nimeharibu, tumetengeneza. Wewe ndiye uliyetufundisha, na wewe ndiye pekee ambaye hukutuamini."

Tulio alikuwa ameshaingia chini ya kabati. Akatoka na masikio ya punda, yana vumbi. Duván akavua kofia ya pikipiki, akainamisha kichwa mwenyewe kama mtu anayevishwa taji. Yurani akamtoa kamera shingoni, akampiga picha.

Jumamosi iliyofuata alipita kwangu kukiwa bado giza, akanikabidhi simu. "Kaa nayo, Doña Orfilia. Ikilia, usipokee."

Niliiweka kabatini pamoja na vikombe. Ikalia. Mimi nimelelewa vizuri, siwezi kuacha simu ilie kama mtoto asiye na mama. Alikuwa Aracelly, anauliza kama mwanawe amevaa sweta.

"Hakuvaa," nikamwambia.

Duván alirudi na mafua na picha. Picha ile ya Ruiz ilitundikwa kwenye maonyesho ya Januari, karibu na mlango, na mimi nilikwenda kuiona nimevaa gauni la kijani na hereni za mama yangu, nikawaambia watu waliosimama pale kwamba mpigapicha ni mpangaji wangu. Mavuno yalikwisha, na Aicardo hakutaja tena habari ya kurudi kama zamani. Rozari yake ndiyo inaning'inia sasa kwenye ule msumari.

Picha niliyoomba mimi ni ile nyingine, ya Duván na masikio ya punda. Iko sebuleni kwangu, juu ya redio. Nimeiziba mdomo kwa kiganja mara nyingi, na macho bado yanacheka.