Kimaiyo na Homoni ya Njaa

Kimaiyo alikuwa amepasua mbao Elburgon kwa miaka kumi na saba, na mngurumo wa msumeno haukuwahi kumtisha. Kilichomtisha ni sindano. Ndiyo maana mkewe, Linah, alicheka hadi akakaa chini aliposikia kwamba mumewe amejiandikisha kutolewa damu, tena kwa hiari.

"Wewe? Hata ng'ombe akichanjwa unafumba macho!"

"Ni utafiti wa pombe," Kimaiyo alisema. "Wanatafuta watu wanaokunywa. Nikaona hapo siwezi kushindwa."

Mwenye utafiti alikuwa Vidhi, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini Nakuru, aliyekuwa akisomea mambo ya ubongo chuo kikuu. Julai 2008 alikodi ukumbi wa kanisa pale Elburgon, akawaeleza wanaume ishirini kwa Kiswahili alichojifunzia dukani kwa baba yake. Tumbo likiwa tupu, alisema, hutoa homoni inayoenda mpaka kwenye ubongo kuuambia utafute chakula. Alitaka kujua kama homoni hiyo huamsha pia hamu ya pombe.

"Mkishakunywa chai asubuhi, msile tena mpaka saa tisa. Tutawatoa damu, mtaniambia hamu yenu ni ngapi kwa kumi. Halafu mtakula, tupime tena."

Jumamosi ya kwanza, saa nane na nusu, Kimaiyo alijibanza nyuma ya ukumbi akabugia viazi vinne. Aliogopa kuzirai mbele ya watu. Kisha akaingia, akafumba macho, akamnyooshea mkono Makokha, nesi wa utafiti. Hakuzirai. Hamu yake? "Mbili," akasema, ikaandikwa.

Mwezi uliofuata Vidhi alirudi kwa kipimo cha pili, uso umemkunjamana. Kabla ya chakula, damu ya wengine ilionyesha njaa. Ya namba kumi na moja ilionyesha shibe.

"Makokha, ulichanganya chupa?"

"Sikuchanganya, daktari."

"Basi imekuwaje? Kama zilichanganyika, siwezi kuamini hata moja. Nitaitupa kazi yote."

Makokha akainamisha kichwa. Kwenye benchi la nyuma, Kimaiyo aliitazama karatasi yake: kumi na moja. Akasimama.

"Daktari, usimlaumu Makokha. Makosa ni yangu. Nilikula waru."

"Ulikula nini?"

"Waru. Viazi vinne. Na chumvi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Makokha alicheka kuliko wote, akijipangusa machozi. Vidhi alijaribu kukasirika, akashindwa. Halafu akapekua fomu zake.

"Mzee, siku ile ulisema hamu yako ni mbili. Wenzako walisema saba, nane. Leo umekula?"

"Leo sijagusa kitu. Haki ya Mungu."

"Na hamu?"

Kimaiyo akajisikiliza. Koo lote lilikuwa linaita busaa, ile pombe ya kienyeji ya kila jioni. "Tisa, daktari. Tisa na nusu hivi."

Akatolewa damu, akamaliza sahani mbili za githeri, mahindi na maharagwe, akangoja saa nzima. Alipoulizwa tena, hamu ilikuwa imeshuka hadi tatu.

Vidhi hakumdanganya. "Watu ishirini ni wachache. Hii si dawa, na kuna wanaokunywa wakiwa wameshiba." Lakini njiani kurudi nyumbani Kimaiyo alijiona kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo alikuwa akitoka kiwandani saa kumi na moja, tumboni hakuna kitu tangu chai ya asubuhi, na miguu inampeleka kilabu cha busaa yenyewe.

"Linah," alisema alipofika, "kesho nifungie chakula."

"Cha mchana?"

"Cha saa kumi na moja. Nile kabla sijapita pale."

Kuanzia Septemba alikula langoni mwa kiwanda, wenzake wakimuuliza kama amefukuzwa nyumbani. Siku nyingine busaa ilimshinda. Siku nyingi aliipita, akafika nyumbani jua halijazama, akachukua ndoo akakamue.

Ng'ombe hakumtambua. Siku nne mfululizo aliipiga ndoo teke. Siku ya tano Kimaiyo alimwimbia wimbo wa kanisani kwa besi nzito, polepole, na maziwa yakaanza kuchuruzika. Linah alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akicheka bila sauti ili asiwavuruge.

"Naona mmeelewana," alisema.

"Tumeelewana. Weka chai motoni."