Sikio Lililokatwa Upya

Sabdio ameniruhusu niieleze habari hii kwa sharti moja: nisimpunguzie. "Ukianza kunitetea, nyamaza," aliniambia. Basi kaeni vizuri, nami nitajaribu kuileta kama ilivyokuwa, ingawa ni mtu ninayempenda na mkono wangu unataka kumfunika.

Hapa Gotu kila mtu anamjua. Ni yule mama mrefu wa miaka arobaini na minne, mama yake Ikra, mzaliwa wa Merti aliyeolewa huku. Alisoma mpaka darasa la saba, lakini mbuzi aliwajua kabla ya herufi. Mama yake alimfundisha kuweka sikio ubavuni mwa mnyama, akasikiliza, akatofautisha kikohozi cha vumbi na kikohozi cha mapafu. Kwa hiyo mradi wa kufuatilia magonjwa ya mifugo ulipokuja kutafuta mtu mmoja katika kila kijiji, baraza halikubishana. Sabdio akapewa kizibao, begi na simu kubwa.

Simu ile ilikuwa na kazi moja. Mnyama akiugua, Sabdio anampiga picha, anajaza maswali machache, anabonyeza pa kutuma. Mjini Isiolo, kwa Daktari Waithera wa mifugo, kijiji kinageuka chekundu kwenye ramani. Kijiji kisichotuma kitu kinabaki kijani, na kijani maana yake ni salama. Lishikeni hilo la kijani, maana tutarudi kwalo.

Mradi ulikuwa umeifunga simu yenyewe. Ilikuwa na programu nne tu, na ya tano haikuwezekana kuiongeza. Nyuma ilibandikwa stika yenye namba 17. Kwa mambo yake mwenyewe Sabdio alitumia kabambe, kile kisimu cha vibonyezo chenye tochi.

Sasa, mwaka jana mpwa wa mume wake aliolewa mjini. Wanawake wa ukoo walifungua kundi la WhatsApp na mipango yote ikapangwa humo. Sabdio alipigiwa mara moja tu, akaambiwa siku na nyumba. Siku ilipofika akafukiza kibuyu, akakijaza maziwa ya ngamia, akapanda pikapu mpaka mjini, akaingia katika nyumba aliyoambiwa na salamu zake za harusi tayari mdomoni. Akamkuta mwanamume amejifunga kikoi, anakula ugali peke yake.

Sherehe ilikuwa imehamishwa siku mbili kabla, ikatangazwa kwenye kundi. Alipoipata hatimaye, sufuria zilikuwa zinaoshwa. Deeqa, wifi yake, akamwambia mbele ya wote:

"Wifi, si tulitangaza? Ama hiyo simu ya serikali haisikii?"

"Hiyo si ya serikali, ni ya mbuzi," mwingine akadakia. "Tungemtuma mbuzi amwambie."

Wakacheka. Sabdio naye akacheka, na ananiambia kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomuuma. Alirudi nacho Gotu kama mtu aliyerudi na kibuyu cha zawadi bado kimejaa.

Wiki iliyofuata alichukua mafuta taa na kisu akaibandua ile stika. Ilitoka, lakini gundi ikabaki, mraba mdogo unaonata vumbi. Akaenda mjini kwa Kaimenyi.

Kaimenyi ni fundi wa simu, Mmeru wa makamo, mtu wa maneno mengi na mikono iliyotulia. Meza yake iko chini ya veranda ya duka la nguo, na siku hiyo wanawake wawili walikuwa wamesimama hapo wakingoja simu zao zijae chaji.

"Habari ya leo, mama. Inaumwa wapi?"

"Haiumwi. Nataka iwekwe WhatsApp."

Kaimenyi akaiwasha, akabonyeza hapa na pale. "Hii imefungwa na mtu. Kuifungua itabidi niiruti."

"Kurutu? Unaipeleka jeshini?"

Wale wanawake wakaguna kwa kicheko, na Kaimenyi akaivua miwani aipanguse. "Si jeshini, mama. Kuruti. Sikiliza, kwa sababu mimi sipendi mtu arudi hapa akilia. Simu ni kama nyumba ya kupanga. Unalala, unapika, lakini funguo ya stoo amebaki nayo mwenye nyumba. Kuruti ni kuichukua hiyo funguo. Ukiwa nayo unatoa vya kiwanda, unaweka vyako, hakuna wa kukukataza. Lakini pia hakuna wa kukulinda. Mwizi akiingia, funguo ataikuta mlangoni. Vitu vyote vilivyo ndani vitafutika. Ikikwama katikati, inakuwa tofali, utajengea choo. Na kuna programu zingine, za benki, za kazi, zikiona mlango umevunjwa zinakataa kufanya kazi humo. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Mtu ambaye ndio anaanza, mimi humwambia aache. Atafute ingine, hata ya mtumba."

"Wewe ni fundi ama ni imamu?"

"Sawa. Basi nijibu moja tu. Simu ni yako?"

Wanawake wale walikuwa wameacha mazungumzo yao. Sabdio anasema jibu la kweli lilikuwa fupi kuliko la uongo, na bado halikutoka.

"Ni yangu. Niliinunua hivyo hivyo."

Kaimenyi akapitisha kidole kwenye ule mraba wa gundi. "Mimi siulizi kama polisi, mama. Nauliza kama fundi."

"Nimesema ni yangu."

Akaifanya. Ilichukua muda wa kunywa chai mbili. Alikuwa ameihifadhi pembeni ile programu ya mifugo, akairudisha, akaweka na WhatsApp. "Haya, fungua zote hapa nikiwa naona," akasema.

Lakini kuifungua ya mifugo mbele ya wale wanawake kungekuwa kuionyesha nembo ya mradi. "Nitafungua nyumbani," Sabdio akajibu. "Pikapu inaondoka." Hakukuwa na pikapu. Alikaa saa nzima nyuma ya duka la nafaka akiingoja.

Siku nane alikuwa mtu wa kundi, na ile ya mifugo hakuifungua, kwa kuwa hakuna mnyama aliyeugua. Alituma picha ya ngamia, Deeqa akajibu kwa kidole gumba. Ananiomba niwaambie kwamba alifurahi, kwa sababu alifurahi.

Siku ya tisa akaja Mzee Huqa. Huqa hana ukoo na Sabdio, ila alimpokea vizuri alipoolewa huku, na tangu hapo humwita Abuya, ndiyo kusema mjomba kwa Kiborana. Alikuwa na mbuzi kama sitini, na ndio mali yake yote.

"Binti yangu, mbuzi tatu zinakohoa. Zimenyosha shingo kama zinatafuta kitu juu."

Sabdio akapiga magoti zizini, akaweka sikio ubavuni. Hakuhitaji kusikiliza mara mbili. Homa ya mapafu, ile inayomaliza zizi. Akapiga picha, akafungua programu ya mradi. Yakatokea maandishi mekundu: *Simu hii imebadilishwa. Haiwezi kutuma.* Akaizima, akaiwasha. Yale yale. Mara ya tatu, yale yale.

Huqa hajui kusoma. Alikuwa anasoma uso wake.

"Imeenda?"

"Imeenda, Abuya."

Mtaniuliza, si angempigia tu daktari? Kabambe ilikuwa mfukoni, namba ya Waithera ilikuwa ndani, salio lilikuwepo. Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, "Kumpigia ilikuwa rahisi. Ni swali lake la pili lililonishinda." La kwanza lingekuwa: wanaugua wangapi? La pili: kwa nini hukutuma?

Basi akafanya kazi kama hajawahi. Alimsaidia Huqa kuwatenga wagonjwa, akajenga ua kwa mikono yake, akachomwa na miiba, akapita nyumba kwa nyumba akiwaonya watu wasichanganye mbuzi kwenye maji. Kila mtu aliona bidii. Jioni mke wa Huqa akamletea maziwa ya shukrani. Hakuweza kuyanywa, na kwetu maziwa hayamwagwi, akampelekea jirani. Kesho yake yakaja mengine. Siku hizo, anasema, alikuwa anatamani mtu amtukane.

Ndani ya siku kumi Huqa alikuwa amezika kumi na mmoja, na jirani yake wanne.

Siku moja mchana, watu wakiwa wamekusanyika kisimani, gari la chanjo likaja kutoka upande wa Isiolo, lenye mitungi ya barafu nyuma. Wanawake wakapunga mikono. Huqa akatoka mbio na fimbo yake, akasimama katikati ya barabara. Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa.

"Mzee, hapa si orodha yetu. Gotu ni kijani. Tunaenda Merti."

Na vumbi likabaki.

"Hawa watu wa ofisi," yule jirani wa Huqa akasema. "Kwa sababu daktari ni wa Nyeri, si wa huku, mbuzi wetu si mbuzi."

"Msichana wetu alituma," Huqa akasema, bado anahema. "Nilikuwepo. Niliona kwa macho. Huyo daktari ndiye amelala. Msimguse Sabdio, yeye amefanya kazi yake."

Sabdio alikuwa hatua nne kutoka hapo, ameshika mtungi. Angeweza kuvumilia kusemwa vibaya. Kutetewa hakukuvumilika.

"Sikutuma," akasema.

"Umesema?" yule jirani akauliza.

"Sikutuma. Simu ilikataa. Niliivunja kufuli niweke WhatsApp, ikakataa. Daktari hajui lolote. Abuya, nilikudanganya."

Ng'ombe waliendelea kunywa. Huqa akanyosha mkono akaomba simu. Hakutazama kioo, kwa kuwa kioo hakina maana kwake. Aliigeuza nyuma, akapapasa ule mraba wa gundi kwa kidole gumba.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Namba ya mradi."

"Nani alitoa?"

"Mimi."

Akapapasa tena. "Mbuzi mwenye sikio lililokatwa upya," akasema taratibu, "ukimpeleka soko la Isiolo, hata kama ni wako wa kuzaliwa, nani atamchukua?"

Kila ukoo una mkato wake wa sikio. Mwizi huukata upya ili kuficha wa zamani. Kwa hiyo mnunuzi akiona mkato juu ya mkato, anaondoka, nawe uape utakavyo. Ile programu ilikuwa imefanya vivyo hivyo: iliangalia sikio, ikaondoka.

"Kaimenyi alinieleza kwa dakika nyingi na sikuelewa," Sabdio aliniambia. "Huqa alinieleza kwa neno moja, na wala hakuwa ananifundisha. Alikuwa ananiita mwizi."

Huqa akamrudishia simu. "Mpigie," akasema. "Hapa hapa. Na sisi tusikie."

Akatoa kabambe, akaongeza sauti mpaka mwisho.

"Habari, Mama Ikra," Waithera akaitika. "Mmenyamaza sana huko, nikajua mambo ni mazuri."

Sabdio akasema ugonjwa ni upi na wamekufa wangapi.

"Na kwa nini hukutuma?"

Akaeleza, watu wote wakimtazama mdomo. Alieleza mpaka maziwa, mpaka harusi, ingawa hakuna aliyeuliza habari za harusi.

"Nitawageuza wakimaliza Merti," Waithera akasema. "Watenge wazima na wagonjwa, wagonjwa hatuchanji. Simu uilete wewe mwenyewe. Usimpe mtu."

Gari lilirudi baada ya siku mbili. Huqa alikuwa amezika wengine wawili. Waliobaki wazima walichanjwa, Sabdio akiwashika vichwa mmoja mmoja, na hakuna aliyezungumza naye ila kumwambia shika huyu, achia yule.

Mjini, Waithera aliifuta simu, akaifunga upya, akabandika namba 17 nyingine. Kwa sababu ya ile gundi, imekaa upande. Aliwaachia baraza waamue kama Sabdio aendelee. Huqa ndiye aliyesema, "Mwingine anayejua kikohozi mtamtoa wapi?" Sabdio alimpelekea mbuzi jike wawili, mzee akawapokea bila ya ahsante, na Sabdio anasema lilikuwa jambo jema kwamba ahsante haikutolewa.

Siku hizi vijana humjia wenyewe, wengine kwa mzaha. "Mama Ikra, niruti simu yangu ama nisiruti?" Huwaeleza aliyoyasikia kwa Kaimenyi, habari za funguo na tofali, tena kwa utulivu. Kisha huwauliza: ni yako kweli? Na hata ikiwa yako, kuna mtu anayekutegemea kwa kitu kilichomo ndani? Wengi hupata jibu hapo. WhatsApp anayo, kwenye simu ya mtumba ambayo Kaimenyi alimtafutia, yenye kioo kilichopasuka.

Na Huqa bado humwita akiwa na mnyama mgonjwa. Sabdio hupiga picha, hujaza maswali, hubonyeza.

"Imeenda?"

Zamani jibu lilitosha. Sasa mzee hubaki amesimama. Hanyoshi mkono kuiomba. Sabdio huigeuza simu, humwekea kioo mbele ya macho, na yule asiyejua hata herufi moja hukitazama muda mrefu, mpaka aridhike.