Meza Niliyomkalisha Mama Mkwe Melini

Ipo safari moja ya meli, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu. Sijawahi kumsimulia mtu. Nakusimulia wewe kwa sababu ya kile ulichonionyesha Jumapili kwenye simu yako huku ukicheka.

Ulikuwa umeandika mtandaoni habari za meli uliyopanda kwenda Bukoba. Chumba cha daraja la kwanza umekisifia, godoro umelisifia, kiyoyozi umekisifia. Ila dada aliyekuhudumia ukasema ni mzito, kahawa ilichelewa, ukampa nyota moja na jina lake ukaliweka pale pale kila mtu alione. Nilikurudishia simu bila kucheka, ukadhani macho yangu yameshindwa kusoma. Nilisoma vizuri tu.

Sikulaumu kwa kupenda vitu vizuri, hilo umelirithi kwangu. Kabla hujazaliwa nilikuwa napeleka choroko na dengu Bukoba, na msimu ukikolea nilikuwa sikauki melini. Magunia yalikwenda chini, mimi nilikwenda juu, daraja la kwanza. Wafanyabiashara wenzangu wa Bariadi walilala kwenye viti vya daraja la tatu na kunicheka kwamba nala mtaji wangu. Mimi nilikuwa nasema mtu aliyekula vumbi la Meatu mwaka mzima ana haki ya kulala kwenye shuka lililopigwa pasi. Na bado nasema hivyo.

Shida ni kwamba nikageuka mjuaji. Nilijua chumba kipi kiko mbali na injini. Nilijua samaki aliyekaangwa leo na yule aliyepashwa moto, hata kabla sijaonja. Chai ikiletwa na maziwa ya unga nairudisha. Wahudumu walinijua kwa jina, wakiniona napanda ngazi mmoja anakimbia kunipokea begi, na mimi nikaamini ile ni heshima. Mwanangu, sasa hivi nadhani ilikuwa ni woga tu.

Basi mwaka huo mama yako mdogo Limi, aliyeolewa Bukoba, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Bibi yako Holo, mama mzazi wa mama yako, akatoka Kimali mpaka kwetu akitaka kwenda kumwona mjukuu. Alikuwa hajawahi kupanda meli. Mimi nilikuwa nasafiri wiki hiyo hiyo na mzigo wangu, kwa hiyo ikaamuliwa niende naye.

Wewe umekulia mjini, mila hii umeikuta imelegea. Kwetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na kula pamoja ndiyo kabisa haiwezekani. Mama mkwe akimwona mkwe wake anakuja njiani, anakata kona. Siyo ugomvi, ni heshima, na bibi yako alikuwa ameishika toka ujana wake. Ndiyo maana mama yako aliniambia, tena mara mbili, siku ya kuondoka: "Mkatie mama chumba chake, na chakula kipelekwe huko huko. Wewe kula kivyako." Nikamwambia nimesikia.

Kwenye basi la kwenda Mwanza alikaa mbele na mimi nikakaa nyuma. Bandarini alitembea mbali nami, khanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Mpaka hapo sikuwa nimeharibu kitu. Nilimkatia chumba kizuri, nikamwomba mhudumu mmoja wa kike amwonyeshe bomba na kitasa. Huyo mhudumu aliitwa Kabula, Msukuma mwenzetu wa Busega, wa makamo hivi, mpole, na nilishawahi kumgombeza safari za nyuma kwa ajili ya chai.

Kilichoniharibu ni sifa. Jioni hiyo mgahawa wa daraja la kwanza ulikuwa na watu wangu, wanunuzi wa kahawa na mwenye maduka mmoja wa Bukoba, na nilitaka wanione nimemleta mama mkwe wangu, mwanamke mfuga ng'ombe wa kijijini Kimali, nimemkalisha kwenye kitambaa cheupe. Mila niliiona ni mambo ya kizamani ya watu ambao hawajasafiri. Nikamwagiza Kabula: "Nenda kamwambie mama kwamba mkwe wake anamwita mezani."

Kabula alinitazama. Akaniuliza taratibu, "Bosi, si nimpelekee chumbani?" Nikamwambia nimelipia chakula cha mezani, si cha chumbani, na kama amechoka na kazi aseme. Akaenda.

Na bibi yako akaja, mwanangu. Nimejiuliza miaka yote kwa nini alikuja. Nadhani aliona akikataa, mkwe wake ataaibika mbele ya wenzake. Akakaa kwenye ncha ya kiti, mgongo ameugeuzia upande wangu, khanga imemfunika uso wote. Wale wenzangu wakamsalimia, "Mwadila, mayu," yaani habari za jioni, mama, wakidhani wanamfurahisha. Aliitika kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Likaja sahani la sato na wali. Hakugusa. Nikasema samaki huyu hajaiva, rudisha. Akaletewa kuku. Hakugusa. Nikasema kuku huyu mgumu, mnampa mtu mzima kuku wa namna hii? Kabula alibeba, akarudisha, akabeba tena. Mimi nilikuwa naongea kwa sauti ili watu wajue kwamba hapa kuna mtu anayejua huduma. Kila sahani lililorudi jikoni nililihesabu kuwa kosa la Kabula. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Asubuhi, tukiwa tunaikaribia Bukoba, nikamwita tena bibi yako mezani kwa chai. Akaja, akakaa vilevile, chai ikapoa mbele yake, akainuka akarudi chumbani kufunga mzigo. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamfuata mkuu wa wahudumu mlangoni pa mgahawa, nikamwambia mama yangu amesafiri njia nzima na njaa kwa sababu ya uzembe wa mtu mmoja. Nikamtaja Kabula. Nikasema mimi ni abiria wenu wa siku zote, na kama yule mhudumu ataendelea kuhudumu humu, mimi magunia yangu nitayapitisha barabarani.

Mkuu yule alikuwa mtu mzima, hakupenda maneno na wateja. Akamwita Kabula pale pale na kumwambia avue aproni, wakifika gati ashuke na asirudi kazini. Kabula hakujitetea. Alianza kufungua kamba za aproni mgongoni, akasema tu, "Nina watoto nyumbani, mkubwa." Mkuu akatazama sakafu. Mimi sikutazama popote, nilikuwa nimeshinda.

Ndipo bibi yako akatokea kwenye korido, kikapu chake mkononi. Alikuwa amesikia. Akaja mpaka mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kunikaribia tangu nimuoe binti yake, akaishusha khanga mabegani. Uso wake nilikuwa siujui, mwanangu. Ule ndio wakati wa kwanza kuuona wote.

"Mkwe, nitazame," akasema kwa Kisukuma.

Nilitazama chini. Akasema tena, "Nitazame. Umeniita mezani, nimekuja. Sasa mimi nakuita."

Nikainua macho.

"Huyu mwanamke hana kosa. Samaki alikuwa mzuri, na kuku alikuwa mzuri. Sikula kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale. Uliporudi chumbani kwako, yeye alinigongea akaniletea uji na samaki wake yeye, wa kwenye bakuli lake, akageukia ukutani mpaka nikamaliza. Hukuona njaa yangu, uliona sahani tu. Ukitaka kumfukuza mtu kwa sababu sikula, jifukuze wewe."

Akaivuta khanga juu ya kichwa, akapita.

Yule mkuu alikuwa Mzinza, lakini Kisukuma alikielewa chote. Akamwambia Kabula afunge aproni yake aendelee na kazi. Mimi nilitakiwa kusema neno moja, samahani, na lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikasema, "Basi, yaishe," kama mtu aliyesamehe. Nikaenda kusimamia magunia yangu.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma zaidi, maana hiyo ya melini ni ndogo.

Bibi yako alikaa Bukoba akarudi na mtu mwingine. Alipofika nyumbani kwetu mimi nilijua nimekwisha. Nilikaa dukani mpaka jioni nikiogopa kurudi. Nilipoingia, mama yako akaja na maji ya kunawa, akapiga goti akaniambia, "Asante kwa mama. Amenisimulia ulivyomkatia chumba kizuri, na chakula ukaagiza apelekewe huko huko. Amesema amekula akashiba."

Na mimi, mwanangu, nikanawa mikono nikasema, "Ni kawaida tu."

Nilipokea asante ile. Mwanamke niliyemvunjia heshima mbele ya watu alirudi akanistiri kwa mwanawe, na mimi nikaitumia ile stara kama haki yangu. Akaenda Kimali akawasimulia na huko. Nikienda kuwasalimia, wazee wa kule wananiita mkwe mwenye adabu. Kumwomba radhi ana kwa ana mila hainiruhusu, na kumtuma mtu maana yake ni kusema niliyoyafanya. Nikajificha humo humo kwenye mila niliyokuwa nimeidharau. Ilinifaa sana, ile mila, siku ile.

Kabula naye nilimkuta safari zilizofuata. Alinisalimia kama zamani, "Shikamoo, bosi," ingawa hatukuachana sana umri. Nikawa natafuta meza ya upande wa pili. Baadaye nikasikia ameacha meli, anauza samaki Lamadi. Pale Lamadi napita kila nikienda Mwanza. Sijawahi kushuka kumuulizia.

Mwaka juzi tulipomzika bibi yako, mjomba wa mama yako alisimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa na bahati ya wakwe, akanitaja mimi, akaeleza mambo ya meli na chumba na chakula kuletwa mlangoni. Watu wote wakageuka kunitazama kwa upole. Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu, ukanigusa bega kwa fahari. Nililia, na mkasema mkwe kalia kweli. Nililia kwa sababu aliyeujua ukweli alikuwa ndani ya sanduku, na hakuwahi kunidai hata neno moja.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Panda daraja la kwanza, nauli ni yako, lala vizuri, na kahawa ikiwa mbaya sema ni mbaya. Lakini kabla hujalitaja jina la mtu, muulize yeye kwanza kimetokea nini, na ujiulize kama kosa halijakaa kwenye kiti chako. Sahani likirudi limejaa, mtazame aliyeshindwa kula. Na ukigundua umekosa, omba radhi siku hiyo hiyo, wakati mtu bado amesimama mbele yako. Usisubiri kama mimi mpaka abaki mtu unayempita tu ukiwa kwenye basi. Na asante isiyo yako usiipokee.

Lile jina la yule dada lifute leo. Kesho kutwa ukienda kazini Lagangabilili, nenda mwenyewe, mimi nitapanda basi la Mwanza nishuke Lamadi kumuulizia Kabula. Mama yako nitamwambia leo, tukimaliza kula.

Mungu akupe safari nyingi, mwanangu, akufikishe na kukurudisha salama. Akujalie mkwe kama bibi yako. Na ukimpata, akujalie usimlazimishe kukutazama usoni.